Kufuli la Pili: Kisa cha Mpangaji wa Katwe Aliyefungiwa Nje Mkataba Ukiwa Hai

Mkataba wote ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari, umeandikwa kwa mkono, una sahihi tatu na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Mpangaji ni mama mshonaji, Mkongomani kutoka Bukavu, mkimbizi mwenye kitambulisho chake. Mwenye nyumba ni mzee mwenye safu ya mizigo, yaani vyumba vya kupangisha vilivyoungana, pale Katwe, Kampala. Alimpangisha vyumba viwili, cha mbele kikitazama barabara, kwa kodi ya shilingi 400,000 kwa mwezi, muda wa mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Februari. Kodi ilikuwa inalipwa kila miezi mitatu, na mwanzoni alitoa amana ya mwezi mmoja. Anayetaka kuvunja mkataba atoe notisi ya miezi miwili kwa maandishi, na mpangaji asiingize mpangaji mwingine bila idhini. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Majina nayaacha, ila kisa chenyewe nakieleza kwa kirefu, kwa sababu wapangaji wengi wa Kampala watajiona ndani yake.

Mwanzoni mwa Mei mama alilipa kodi ya Mei, Juni na Julai kwa mobile money. Mwisho wa Mei mzee akamtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, kwa Luganda: kuanzia mwezi ujao kodi ni 600,000, na kama hawezi ana wiki mbili za kuondoka. Kulikuwa na kijana aliyetaka chumba cha mbele afungue duka la simu. Mama alijibu kwa maandishi: "Mzee, nimesikia. Lakini nimelipa mpaka mwisho wa mwezi wa saba, na mkataba wetu ni wa mwaka. Naomba tuufuate." Jibu halikuja. Siku chache baadaye waya wa umeme wa chumba chake ulikatwa, ingawa alikuwa amechanga fedha ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, kama majirani wote. Halafu Jumamosi, tarehe 14 Juni, alipokuwa sokoni Kikuubo kununua uzi na bitana, mzee akapachika kufuli la pili mlangoni.

Ndani kulikuwa na cherehani mbili, magodoro, nguo za watoto, na gomesi (magauni ya heshima ya akina mama) kumi na moja za familia moja iliyokuwa na kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, Jumamosi iliyofuata.

Kila mtu alikuwa na ushauri wake. Vijana wa mtaani walitaka kulivunja kufuli. Mchungaji alisema aende kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Ndugu mmoja wa Kikongomani akamwambia amwachie Mungu, mgeni hashindani na mwenyeji. Broka alikuwa tayari kumwonyesha nyumba nyingine jioni ile ile. Mimi nilimuuliza swali moja: mama, unataka kurudi ndani, au unataka vitu vyako na fedha zako?

Swali hilo lilimkera. "Nataka haki yangu," alisema. Ni jibu zuri, lakini mahakama haiwezi kulifanyia kazi mpaka lipewe umbo. Wapangaji wengi niliowaona wakishindwa hawakushindwa kwa sababu sheria iliwaacha. Walishindwa kwa sababu walidai kila kitu mahali popote: leo wanamwomba LC awarudishe ndani, kesho wanamwambia polisi wanadai amana, keshokutwa wameshahama bila hata karatasi. Anayetaka kurudi ndani ana njia yake na haraka yake. Anayetaka fedha ana njia nyingine, ya polepole zaidi lakini nyepesi. Sharti achague mapema, ikiwezekana siku ile ile.

Mzee alikosea wapi

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 ndiyo inayotawala mambo haya Uganda kwa sasa. Ilichukua nafasi ya sheria ya kodi ya enzi za ukoloni, na inahusu nyumba za kuishi na za biashara pia, kwa hiyo mama aliyelala chumba cha nyuma na kushonea cha mbele hakuwa nje yake.

Kosa la kwanza ni kodi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja kwa 400,000, na katikati ya mwaka bei haibadiliki kwa matakwa ya upande mmoja. Hata kama mkataba ungekuwa umekwisha na wanaanza upya, sheria inaweka kikomo: nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Kutoka 400,000 unafika 440,000. Mzee alitaka 600,000, nyongeza ya nusu nzima ya kodi. Nimekutana na wapangaji wengi wasiojua kabisa kwamba kikomo hicho kipo, na wenye nyumba wachache sana watakaowaambia.

Kosa la pili ni notisi. Wiki mbili kwa ujumbe wa sauti si miezi miwili kwa maandishi.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kufanya hivyo ni kosa la jinai chini ya sheria hiyo, mbali na kuwa uvunjaji wa mkataba. Kumfungia mtu nje kwa kufuli ni kumtoa, hata kama hakuna aliyemsukuma wala kumshika mkono. Kukata umeme wa mpangaji aliyelipa ili achoke na kuondoka mwenyewe nako ni kuvunja haki yake ya kukaa kwa amani katika nyumba aliyoilipia. Mama alinionyesha picha ya ule waya: ulikuwa umekatwa kwa kisu juu ya dari ya veranda, ncha mbili zimefungwa utepe mweusi kila moja peke yake. Fundi aliyefanya kazi hiyo alikuwa mwangalifu asimuunguze mtu. Kwangu huo ni ushahidi kwamba mambo yalipangwa, kwa sababu waya ulioharibika wenyewe haujifungi utepe.

Mzee naye alikuwa na hoja zake

Alisema nyumba ni yake. Ni kweli, lakini matumizi yake alikuwa ameyauza kwa mwaka mmoja, na fedha ya mpaka Julai alikuwa nayo mkononi.

Alisema mkataba haukuandikwa na wakili. Haihitajiki. Sheria inataka mkataba wa upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe kwa maandishi au kwa ujumbe wa kielektroniki. Karatasi ya daftari yenye sahihi inatosha. Muhuri wa LC hauifanyi kuwa halali zaidi, ila unakupa shahidi asiyeweza kukana kirahisi kwamba alikuwapo.

Alisema yule ni mkimbizi, atamshtaki nani? Hapa nilitaka mama asikie vizuri, kwa sababu hofu hii imewanyamazisha wengi Katwe na Nsambya. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani na kupata msaada wa kisheria. Sheria ya 2022 nayo inamtaka mwenye nyumba aandike kitambulisho cha mpangaji wake anapompangisha. Mzee alikuwa amekiandika hicho cha mkimbizi kwa mkono wake mwenyewe, mstari wa pili wa mkataba. Alijua anampangisha nani alipopokea fedha.

Hoja yake ya nne ilikuwa na uzito, na mama hakupenda niliposema hivyo. Mwezi wa Aprili alimruhusu mshonaji mwenzake aweke cherehani kwenye kona ya chumba cha mbele, akichangia 60,000 kwa mwezi. Mzee aliita huko kupangisha mtu mwingine bila idhini, jambo ambalo mkataba ulikataza. Inaweza kubishaniwa: kuchangia kona mchana si sawa na kumpa mtu chumba. Ila hakimu angeweza kuliona kwa jicho la mzee. Niliona ni afadhali tulijue udhaifu huo wenyewe kabla hatujausikia kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu. Na hata ukimhesabia mama kosa, dawa ya mzee ilikuwa kumwandikia, kisha kwenda mahakamani. Kosa la mpangaji halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kujichukulia sheria kwa kufuli.

Kuhusu kulivunja lile kufuli, nilimkataza, na bado nadhani nilifanya vizuri. Haki ya kuingia alikuwa nayo. Lakini mpangaji anayevunja kufuli usiku na kundi la vijana, kesho yake ndiye anayeandikiwa maelezo polisi, na kitu chochote kitakachopotea safu nzima ataulizwa yeye.

Njia ya kurudi, na njia ya fedha

Angetaka kurudi ndani, njia yake ilikuwa mahakama ya hakimu, haraka iwezekanavyo, kuomba zuio la muda linalomwamuru mzee afungue mlango na asiguse upangaji mpaka kesi isikilizwe. Hakimu wa daraja la kwanza husikiliza madai ya mpaka shilingi milioni 20, na hakimu mkuu mpaka milioni 50, kwa hiyo Mahakama ya Makindye ingetosha. Ombi kama hilo linaandikwa kwa kiapo na taratibu zake, na bila wakili mtu hupotea njiani. Wasio na uwezo wanaweza kwenda Justice Centres Uganda, au FIDA Uganda kwa akina mama, au mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili. Wakimbizi wana Refugee Law Project, iliyo chini ya Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere. Anayekwenda huko akacheleweshwa wiki tatu akitafuta upatanisho kwanza, hakimu naye atamuuliza: kama jambo lilikuwa la dharura, ulikuwa wapi?

Mama alifikiri usiku mmoja akilala na watoto kwa rafiki yake. Asubuhi alisema hataki kurudi. Alisema hawezi kulala nyumba ambayo mwenye nyumba ana ufunguo na hasira. Nilimwelewa kabisa. Kurudi kwa amri ya mahakama ni ushindi, lakini unaamka nao kila siku mkiwa mnapishana kwenye bomba moja la maji.

Basi kazi ikawa mbili: vitu, kisha fedha.

Kwa vitu tulianza polisi. Kituo cha jirani kilisema yale waliyoyasikia wapangaji wote wa mji huu, kwamba hiyo ni kesi ya madai, siyo yao. Siri ni kuomba jambo lililo lao. Mama hakuwaomba waamue mkataba. Alisema mali yake imezuiwa, akaomba taarifa iandikwe na apewe namba ya SD, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo, kisha akaomba askari mmoja awepo wakati anatoa vitu ili pasitokee fujo. Hilo walilikubali. Ijumaa mzee alifungua, askari na Defensi wa LC, yaani katibu wa usalama wa mtaa, wakiwa wamesimama. Kila kilichotoka kiliandikwa kwenye orodha, hali yake pembeni, na mzee, Defensi na mama wakatia sahihi. Cherehani moja ilitoka bila mkanda wake, nayo ikaandikwa. Orodha ile ilifunga mdomo wa kila upande baadaye, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kitu kilibaki au kiliibwa.

Kwa gomesi ilikuwa imechelewa. Familia ilikuwa imeshapata fundi mwingine, ikaja kuchukua vitambaa vyake.

Hesabu

Mtu akidai kwa hasira hutaja namba kubwa na ya duara. Mama alitaka milioni 5. Tulikaa na daftari lake.

Kodi iliyolipwa bila kutumika: tarehe 14 hadi 30 Juni ni siku 17, kwa hiyo 226,667, na Julai nzima 400,000. Jumla 626,667. Amana 400,000. Hizo ni 1,026,667, na zote zina ushahidi wa ujumbe wa mobile money, tarehe na jina la mpokeaji. Mzee hakuwahi kutoa risiti, ingawa sheria inamtaka atoe, na pengo hilo halikumsaidia kwa sababu simu ilikuwa imeandika kila kitu.

Hasara ya kazi ndiyo ngumu. Ushonaji wa gomesi zile ulikuwa 50,000 kila moja, jumla 550,000, na vitambaa ni vya wateja. Sheria ya Mikataba ya 2010 inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo, ile inayotokea kwa kawaida au ambayo pande zote zilijua ingeweza kutokea. Mzee alijua: mkataba wenyewe unasema mpangaji ni "mshonaji". Lakini huwezi kudai 550,000 zote kana kwamba uzi, bitana na vifungo ni bure, na gomesi nne zilikuwa hazijakatwa hata mkasi. Hakimu huangalia pia kama umejitahidi kupunguza hasara. Mama alikuwa ameazima cherehani kwa rafiki siku ya tatu na kuendelea na kazi nyingine ndogo ndogo. Wengine humwambia mtu akae bila kazi ili hasara ionekane kubwa. Ni ushauri mbaya. Tuliandika 380,000 na kuorodhesha ilivyopatikana, gomesi kwa gomesi.

Dai lote likawa 1,406,667. Kwa kiasi hicho milango miwili ilikuwa wazi. Mahakama ya LC husikiliza madai ya mikataba na madeni yasiyozidi shilingi milioni 2, karibu na nyumbani, kwa lugha ya mtaa. Hiyo kwa kawaida ningeipendekeza, ila mwenyekiti na mzee ni marafiki wa siku nyingi, na ndiye aliyegonga muhuri. Mlango wa pili ni utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, chini ya kanuni za 2011: madai ya fedha yasiyozidi milioni 10, yakiwamo ya kodi na madeni, bila mawakili upande wowote. Hilo la mawakili ni faraja kubwa kwa mtu kama mama, kwa sababu mzee hawezi kumleta wakili wa kumtisha. Mahakamani hutumika Kiingereza, kwa hiyo anayehitaji mkalimani aseme mapema.

Kwa RDC hakwenda. RDC anaweza kumwita mzee na kumsemesha, na kuna waliosaidika hivyo, lakini hatoi hukumu, na muda unakwenda.

Kabla ya kufungua madai madogo lazima umpe mdaiwa barua ya madai na siku 14. Barua ya mama ilikuwa nusu ukurasa: tarehe ya mkataba, kilichovunjwa, hesabu, namba ya simu ya kulipia, na mwisho wa siku 14. Haikuwa na tusi wala neno kuhusu dini au kabila. Ilipelekwa kwa mkono, Defensi akiwapo, na mzee akatia sahihi kwenye nakala kwamba ameipokea. Bila sahihi hiyo, siku ya 15 mdaiwa husema hajaona barua yoyote.

Siku ya 12 mzee alikuja na binti yake, mwalimu, aliyekuwa ameisoma barua. Binti alimuuliza baba yake mbele yetu: "Taata, ulikwenda mahakamani kabla ya kufunga?" Mzee alisema hakwenda. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa juu ya fedha tu. Walikubaliana 1,250,000: kodi na amana zote, na 223,333 za hasara ya kazi. Kona ya 60,000 ndiyo iliyomfanya mama apunguze. Hakutaka kuilezea mbele ya hakimu. Wapo waliomwambia kwamba amejiuza rahisi. Sioni hivyo. Alipata kila shilingi aliyoweza kuithibitisha kwa simu yake, na sehemu ya ile ambayo ingebishaniwa.

Makubaliano yaliandikwa: 700,000 siku ile, 550,000 baada ya mwezi mmoja, na kwamba asipolipa kwa tarehe, salio ni deni analolikubali. Kifungu hicho cha mwisho nilisisitiza kiwepo, na mzee alikisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Tarehe ilipopita bila malipo, mama aliandika barua nyingine ya siku 14, kisha akapeleka dai Makindye akiwa na makubaliano hayo peke yake, bila kuhitaji tena kuthibitisha waya, kufuli wala gomesi. Mzee alilipa zote 550,000 kabla ya siku ya kusikilizwa, na mama akamwandikia risiti.